Gari Likichemsha, Iulize Hita

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya ikishaipita Ruaha Mbuyuni, na mibuyu yake na mafungu ya vitunguu pembeni, huanza kuupanda mlima Kitonga. Bondeni kuna joto, upepo hauvumi, na mbele kuna lori lililojaa shehena linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hapo ndipo magari mengi huchemshia. Si ajabu kukuta moja limeegeshwa kando, jiwe chini ya tairi, boneti wazi, dereva ameshika dumu la maji na anaitazama injini kama mkwe aliyeingia bila kubisha hodi.

Saa chache baadaye, msafiri huyohuyo akiwa ameshaipita Makambako na kukata kushoto kwenda Njombe, mwezi wa saba, mambo hugeuka. Nje kuna ukungu, vioo vimepata jasho kwa ndani, watoto nyuma wamejifunika khanga. Anafungua hita. Inatoka hewa ya friji.

Wengi huhesabu hayo kuwa maradhi mawili. La kuchemsha hupelekwa kwa fundi wa injini, la hita kwa fundi wa AC, au huachwa kabisa kwa kuwa Dar es Salaam hita ni ya nini. Kumbe mara nyingi ni ugonjwa mmoja, na hita ilikuwa tayari kuutaja mapema, tangu kule bondeni, kama kungekuwa na mtu wa kuifungua.

Sababu ni kwamba hita ya gari haina moto wake. Huazima kwa injini. Katika mafuta yanayochomwa, takribani theluthi moja tu ya nishati ndiyo inayosukuma gari. Sehemu kubwa nyingine hutoka na moshi, na inayobaki lazima ibebwe na maji. Wota pampu huyasukuma maji hayo yazunguke silinda na hedi. Injini ikiwa baridi, themostati huifunga njia ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Ndani ya themostati mna nta. Maji yakifika nyuzi 82 au 88 hivi, kutegemea injini, nta huyeyuka, hutanuka, na kuisukuma valvu ifunguke. Hapo maji ya moto huenda kwenye rejeta, hupozwa na upepo na feni, kisha hurudi.

Hita ni rejeta ya pili, ndogo, unene wake kama kitabu, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Mipira miwili myembamba hupenya ukuta wa injini: mmoja hupeleka maji ya moto, mwingine huyarudisha. Feni ndogo hupuliza hewa kupitia hapo, nayo huja kwenye miguu na kioo. Kwa kawaida hita haisubiri themostati ifunguke, na katika magari mengi imekaa juu kuliko sehemu nyingine za mfumo. Kwa hiyo maji yakipungua, yenyewe ndiyo hukauka mwanzo. Hewa ikiingia, hukimbilia huko. Dereva anayejua kuisoma hita ana geji ya pili ambayo hakuilipia.

Na geji ya pili inahitajika, kwa sababu ya kwanza si ya kuaminiwa sana. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni mshale wa joto umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ili mwenye gari asisumbuke. Ukianza kuinuka, shughuli imeshaanza. Magari madogo kama Vitz na Passo mengi hayana mshale kabisa; yana taa ya bluu ikiwa injini bado baridi na nyekundu ikiwa imezidi moto, na kati ya hizo ni kimya. Baya zaidi, sensa ya joto hupima maji pale tu inapokuwa imezama ndani yake. Maji yakiisha ikabaki hewani, mshale unaweza hata kushuka huku hedi inaungua. Dereva anashukuru Mungu kwamba limepoa, kumbe limekauka.

Basi tuanzie pale mlimani. Mshale umeanza kupanda. Zima AC, fungua vioo, weka hita kwenye moto wa mwisho na feni yake kwenye kasi ya mwisho. Abiria watalalamika, waache walalamike. Rejeta ndogo imesaidia kubwa kutoa joto, na mara nyingine hilo linatosha kukufikisha mahali pana pa kusimama. Weka mkono kwenye matundu ya hewa na usikilize jibu.

Ikija hewa ya moto wa kuunguza, habari si mbaya sana. Maji yapo na yanazunguka. Kinachoshindikana ni kuyapoza. Ikija hewa baridi wakati mshale uko juu, maji hayafiki. Ama yamevuja, ama kuna hewa imekaa njiani, ama pampu haisukumi. Katika hali hiyo hakuna "nisogee kidogo hadi Ilula". Simama hapohapo, zima. Vivyo hivyo mshale ukigusa nyekundu au mvuke ukionekana, hata kama hita inaunguza.

Baada ya kuzima, kazi ngumu kuliko zote ni kukaa bure nusu saa. Rejeta iliyofungwa ina mgandamizo, na ndio unaozuia maji yasichemke mapema. Kifuniko chake huandikwa namba ya mgandamizo huo, kama 0.9 au 1.1, nao hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takribani nyuzi 20. Ukikifungua kikiwa cha moto, mgandamizo unaondoka mara moja na maji yote yanataka kugeuka mvuke kwa pamoja, usoni pako. Wapo mafundi wenye makovu ya jambo hilo. Minya mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: ukiwa mgumu kama tairi, bado. Ukilegea, funika kifuniko kwa kitambaa kinene, zungusha robo tu, acha kipumue, kisha malizia. Kijana atakayekuja mbio na dumu la maji ya mtoni kutaka kuimwagia injini apewe shukrani na azuiwe. Hedi nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu ya moto ikipigwa maji baridi hupinda au hupasuka. Jaza polepole, injini ikiwa imepoa.

Kilichobaki ni uchunguzi wa asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Huo hauhitaji kompyuta.

Anza na kiwango cha maji, na usidanganywe na kopo la akiba. Kifuniko kibovu au mpira mdogo uliochanika huweza kuliacha kopo limejaa huku rejeta ni tupu, kwa kuwa maji yanatoka lakini hayavutwi kurudi. Fungua rejeta yenyewe utazame. Kagua raba ya kifuniko. Ikiwa imekakamaa au imeliwa, nunua kingine chenye namba ileile. Ni miongoni mwa spea za bei ndogo katika gari zima. Tazama chini ya gari, tazama maungio ya mipira, tazama chini ya wota pampu. Pampu nyingi zina tundu dogo chini. Likiacha mstari wa kutu au wa rangi ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), sili imekwisha na pampu inaaga. Bonyeza fenibelti kwa kidole: ikiwa imelegea au inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, inateleza, na pampu haizunguki inavyopaswa.

Kisha ujiulize gari huchemsha wapi. Swali hilo moja huokoa siku nzima gereji.

Linalochemsha kwenye foleni ya Ubungo na kupoa likishika kasi baada ya Kibaha lina ugonjwa wa feni. Barabarani upepo hufanya kazi yake bila feni, kwenye foleni hakuna upepo. Jaribio ni rahisi: gari likiwa limesimama na linanguruma, washa AC. Katika magari mengi yenye feni za umeme, feni itaanza kuzunguka muda mfupi baadaye. Isipozunguka, tazama fyuzi, kisha relei. Mara nyingi relei ya feni inafanana kabisa na ya honi au ya taa, kwa hiyo unaweza kuzibadilishana kwa dakika moja ukajua mbivu na mbichi. Land Cruiser na pikapu nyingi za dizeli hazina feni ya umeme. Zina feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa imezimwa na baridi, izungushe kwa mkono. Ikikataa kidogo ni nzima. Ikizunguka kama pangaboi la mtoto, mafuta yake yametoka.

Linalotulia mjini na kuchemsha mlimani lina ugonjwa wa njia ya maji. Hapo rejeta ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kwa nje huziba kwa vumbi, tope na wadudu, hasa pale katikati ya rejeta ya AC na ya injini, ambapo macho hayafiki. Ioshwe kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari ikielekezwa hapo kwa nguvu hulaza mapezi yake na kuiziba kabisa. Kwa ndani huziba kwa chumvi za maji na kutu. Injini ikiwa imezimwa baada ya safari fupi, pitisha mkono juu ya uso wa rejeta: sehemu baridi katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba. Tazama pia mpira wa chini wakati msaidizi anapandisha mzunguko wa injini. Ukinywea kama mrija wa juisi, umechoka na unayazuia maji.

Kama mpira wa juu na rejeta vimebaki baridi wakati injini inaungua, themostati imekwama imefungwa. Na hapa kuna tabia ya gereji zetu inayostahili kusemwa waziwazi. Gari likichemsha, fundi hufungua themostati, huitupa, na kurudisha kifuniko. "Hizi ni za nchi za baridi, boss." Gari linaacha kuchemsha wiki mbili na kila mtu anafurahi.

Maelezo hayo si ya kweli. Themostati haijui nchi. Inajua nyuzi 82. Ikitolewa, injini ya mjini hukawia kupata moto, kompyuta huendelea kumwaga mafuta ya ziada ikidhani bado ni alfajiri, na oili haifiki joto la kukausha unyevu wake. Hita nayo huwa vuguvugu daima. Mshale ulio chini na hita isiyokolea ni alama ya themostati iliyokwama wazi au isiyokuwepo. Lakini ubaya mkubwa uko kwenye injini ambazo themostati yake ina visahani viwili: kimoja hufungua njia ya rejeta, kingine papo hapo huziba njia ya mkato. Zipo nyingi za aina hiyo katika magari ya Kijapani. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na Kitonga gari linachemsha kuliko mwanzo. Dawa imekuwa ugonjwa.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge kwa uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, na uweke kipimajoto. Namba yake ya joto imegongwa kwenye chuma. Kadiri maji yanavyokaribia namba hiyo ndivyo valvu inavyopaswa kuanza kufumbuka. Yakizidi kwa nyuzi kumi hivi iwe imefunguka kwa milimita kadhaa, na ikitolewa ijifunge yenyewe. Isipofanya hivyo, ndiyo itupwe, lakini iwekwe nyingine.

Hofu ya kila mwenye gari ni gasketi ya hedi. Inafaa kuihofu bila kuisingizia. Dalili moja haitoshi. Zitafutwe mbili au tatu. Mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika mbili baada ya kuwasha gari lililolala usiku mzima, kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, ni dalili nzito: kinachojaza mgandamizo ni gesi ya silinda. Mapovu yasiyoisha mdomoni mwa rejeta, moshi mweupe wenye harufu tamu unaoendelea injini ikishapata moto, maji yanayopungua bila kuonekana yanakovuja, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ya mwisho ina mtego wake: povu jeupe chini ya kifuniko cha oili peke yake, kwa gari la safari fupi kwenye mji wa baridi, laweza kuwa unyevu tu. Vuta kijiti cha oili kabla hujalia. Mafundi wenye vifaa wana dawa ya bluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta, na gesi ya injini ya petroli ikipita humo hugeuka njano. Ni heri kulipia kipimo hicho kuliko kushusha hedi kwa kubahatisha. Na hedi ikishashushwa, ipimwe unyoofu kabla ya kufungwa gasketi mpya, maana gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kurudi gereji kwa tarehe iliyopangwa.

Sasa ile hita ya Njombe. Injini ina joto lake sawasawa, mshale katikati, lakini ndani baridi. Shika ile mipira miwili ya hita kwenye ukuta wa injini, kwa uangalifu. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanafika na kurudi. Shida iko ndani, kwenye kilango kinachochagua hewa ipite kwenye rejeta ndogo au iikwepe. Waya wake umechomoka, au mota yake ndogo imekufa. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, rejeta ya hita imeziba, au valvu yake imeganda kwa kutotumika miaka mitano ya Dar es Salaam. Yote miwili ikiwa baridi, rudi kwenye kiwango cha maji na hewa.

Au hakuna kitu cha kushika. Hita iliyovuja mara nyingi hutibiwa kwa kukatwa: mipira miwili huunganishwa kwa kipande cha bomba, maji yakaikwepa dashibodi, na mwenye gari asiambiwe. Kwa anayeishi Tanga haina madhara ya kuonekana. Akinunua gari hilo mtu wa Makete, atahangaika na swichi bure. Hita inayovuja hujitangaza kwa zulia la abiria wa mbele kulowa, harufu tamu, na utando wa mafuta usiofutika kwenye kioo cha mbele. Maji safi yasiyo na harufu mahali hapohapo ni bomba la AC lililoziba, jambo dogo. Na feni ya ndani ikipuliza kwenye kasi ya mwisho tu na kugoma kwenye nyingine, kilichoungua ni rizista yake, wala si hita.

Kuna malalamiko mengine ambayo yana jibu moja: hita hupata moto ukikanyaga mafuta na hupoa ukisimama. Maji ni pungufu au pampu imedhoofika. Ukisikia na sauti kama mto unaotiririka nyuma ya dashibodi, ni hewa. Hiyo hutolewa kwa subira. Gari liegeshwe pua ikiwa juu, hita iwekwe kwenye moto wa mwisho, rejeta ijazwe polepole, injini iachwe ingurume bila kifuniko mapovu yatoke na themostati ifunguke, huku ukiongeza maji. Baadhi ya injini zina skrubu maalumu ya kutolea hewa. Likishapoa, kiwango kitazamwe tena. Gari nyingi zinazorudishwa gereji zikisemwa pampu mpya haifai, pampu haina kosa. Fundi alikuwa na haraka.

Neno la mwisho la kiufundi ni la maji yenyewe. Magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani huja na kulanti. Inapomwagwa na kuwekwa maji ya bomba, kinachopotea ni kinga ya kutu, na chumvi huanza kujijenga kwenye mirija. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa unatosha. Iliyoandikwa kuwa imeshachanganywa isichanganywe tena. Rangi si ushahidi wa chochote, kijani, nyekundu na pinki ni uamuzi wa kiwanda. Kwenye miinuko kulanti ina kazi ya ziada: Njombe, karibu meta 2,000 juu ya bahari, maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi kama 93 tu. Umande wa barafu wa uwanda wa Kitulo hautapasua injini, lakini ndugu aliyeko Toronto akiweka maji matupu ataamka siku moja akute bloku imepasuka, maana maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu. Iliyomwagika ioshwe, kopo lisiachwe wazi penye watoto na mbwa.

Anayejiandaa kwenda Njombe au Makete kati ya Juni na Agosti aifungue hita akiwa bado Morogoro. Vioo juu, moto wa mwisho, dakika tano, jasho na yote. Ikitoka hewa baridi, ageuze gari aingie gereji hapohapo mjini, kwa sababu mbele yake kuna Kitonga.